Nguvu ya Nia: Vipimo Vilivyochapwa na Vilivyobaki Ndani ya Mtoto wa Meza

Katika kijitabu kimoja tulichokiandaa miaka michache iliyopita kwa ajili ya wakufunzi wa askari wapya, tuliandika kwenye ukurasa wa 7 kwamba nia ya mwanadamu ni mfano wa tangi la mafuta. Tulieleza kuwa askari aliyeshinda akijizuia asicheke, asijikune wala asijibu, ifikapo jioni huwa amekwisha tumia akiba yake ya nia, na kwa hiyo si vyema kumpa lindo au kazi nyingine itakayo uangalifu mpaka apumzike. Tuliandika hayo kwa yakini kabisa, tena tukayatilia mchoro wa tangi wenye rangi mbili.

Maneno yale hatukuyabuni. Tuliyapokea darasani tulipokuwa wanafunzi wa uofisa, kutoka kwa mkufunzi tuliyemheshimu sana, naye aliyapokea katika vitabu vya saikolojia vilivyoandikwa na mabingwa. Baadaye ofisa mmoja kijana alitujia ofisini na kijitabu mkononi, akapiga saluti, akauliza: "Afande, nia hiyo hupungua kwa kiasi gani?" Hakuuliza kama hupungua, aliuliza kiasi. Tulimwambia arudi kesho. Ilitupasa kumwambia arudi baada ya miezi mitatu, maana ndio muda uliotuchukua kulipata jibu, na jibu lenyewe si lile tulilolitarajia.

Asili ya habari hii ni jaribio lililochapwa mwaka 1998 na Roy Baumeister pamoja na wenzake watatu, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland, Marekani. Wanafunzi 67 waliambiwa wasile chakula kimoja kabla ya kuja. Walipoingia chumbani walikuta harufu ya biskuti za chokoleti zilizookwa papo hapo. Baadhi yao waliruhusiwa kuzila. Wengine waliwekewa biskuti zile mbele yao, lakini wakaamriwa wale figili tu. Kundi la tatu halikupewa chakula chochote. Kisha wote wakapewa mafumbo ya kuchora ambayo, bila wao kujua, hayakuwa na ufumbuzi, na saa ikahesabu ni muda gani kila mmoja angevumilia kabla ya kukata tamaa. Waliokula biskuti walivumilia kwa wastani karibu dakika 19. Wasiopewa kitu walikaribia dakika 21. Waliokula figili, wale waliojizuia, walikata tamaa baada ya dakika 8 na kitu.

Ni jaribio la kupendeza, nasi hatumcheki aliyelipenda. Lilifuatiwa na mengine mengi. Mwaka 2010 Martin Hagger na wenzake walikusanya majaribio 198 ya aina hiyo yaliyokwisha fanywa, wakayatafutia wastani mmoja. Wastani huo ulikuwa 0.62.

Hapa hapana budi tusimame kidogo, maana tarakimu hii ndiyo kiini cha mambo. Wataalamu wa saikolojia hupima ukubwa wa athari kwa kuchukua tofauti ya wastani wa makundi mawili, kisha kuigawanya kwa kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana wao kwa wao kwa kawaida. Tuseme platuni moja hukimbia maili 2 kwa wastani wa dakika 15, na nyingine kwa dakika 16, ilhali katika kila platuni askari hupishana kwa kiasi cha dakika 2 hivi juu au chini ya wastani wao. Tofauti ni dakika 1. Ukiigawanya kwa 2 unapata 0.5. Mtakwimu wa Marekani Jacob Cohen alipendekeza kuwa 0.2 ihesabiwe ndogo, 0.5 ya kati, na 0.8 kubwa, ingawa yeye mwenyewe alionya kuwa mipaka hiyo isifanywe amri. Basi 0.62 si haba. Maana yake ni kwamba ukimchukua mtu yeyote aliyejizuia na mwingine yeyote asiyejizuia, ukawashindanisha, yule asiyejizuia atashinda karibu mara 67 katika 100. Kwa kamanda anayepanga zamu za usiku, hilo ni jambo la kuzingatiwa. Ndiyo sababu tulilichora kwa rangi mbili.

Lakini wastani wa vitu vilivyochapwa si wastani wa vitu vilivyotendeka. Sisi tulio katika kazi ya uhusiano jeshini yatupasa tulijue jambo hili kuliko watu wengine wote, maana ndiyo riziki yetu. Zikitufikia taarifa 10 kutoka vikosini, 2 za ushindi katika michezo, 1 ya zahanati iliyofunguliwa na 7 za magari yaliyokwama matopeni, msomaji wa gazeti letu anajua zipi ataziona. Hakuna aliyesema uongo; kila iliyochapwa ni ya kweli. Walakini atakayekadiria hali ya magari ya jeshi kwa kusoma kurasa zetu atajidanganya mno.

Katika majarida ya kitaaluma mchujo ni wa namna nyingine, lakini ni mchujo. Desturi ya miaka mingi ni kwamba matokeo huhesabiwa kuwa yamethibitika ikiwa bahati tupu, pasipo athari yoyote ya kweli, ingeweza kuleta tofauti kubwa kama ile au zaidi kwa nadra, yaani mara zisizozidi 5 katika 100. Yakivuka mpaka huo, huchapwa. Yasipovuka, aghalabu mtafiti hukunja karatasi zake akazitia katika mtoto wa meza. Mwaka 1959 Theodore Sterling alipekua majarida manne ya saikolojia akakuta kwamba, kati ya makala zilizotumia vipimo hivyo, 97 katika kila 100 zilitangaza kuwa zimefaulu. Mwaka 1979 Robert Rosenthal akalipa tatizo hili jina la huo huo mtoto wa meza, akauliza itakuwaje ikiwa majarida yamejaa yale machache yaliyovuka kwa bahati, ilhali watoto wa meza wamejaa yote mengine.

Sasa twende kwenye hesabu, na tunamwomba msomaji asikimbie, kwa kuwa hapa ndipo mtego ulipo. Chukua jaribio la watu 40, 20 kila upande, kiasi ambacho kilikuwa cha kawaida sana katika saikolojia ya miaka ile. Ili tofauti ivuke mpaka tulioutaja, yabidi ukubwa wa athari utakaoonekana ufike 0.64 hivi. Chini ya hapo halivuki. Tuseme basi ukweli wenyewe, ule anaoujua Mwenyezi Mungu peke yake, ni 0.2. Jaribio hilo dogo litavuka mpaka mara zisizofika 1 katika 10, nalo halina njia ya kuvuka ila kwa kuonyesha 0.64 au zaidi, yaani zaidi ya mara tatu ya ukweli! Wavuvi wanaotumia wavu wenye matundu makubwa hawawezi kuleta dagaa sokoni, hata kama bahari imejaa dagaa. Na ukikusanya majaribio 50 ya namna hiyo yaliyochapwa, ukayatafutia wastani, hutaukaribia ukweli hata chembe. Utazidi tu kuwa na hakika ya tarakimu isiyo sahihi.

Hilo ndilo lililotusumbua zaidi tulipolielewa. Tulifundishwa kuwa ushahidi ukiwa mwingi, hakika huongezeka. Kumbe mashahidi 198 waliochujwa na mlinda mlango mmoja si mashahidi 198.

Juu ya mchujo huo kuna jambo jingine, nalo ni mtafiti mwenyewe kugeuza-geuza hesabu zake mpaka zivuke, mara nyingi kwa nia njema. Huongeza watu kumi zaidi, huondoa mmoja anayeonekana si wa kawaida, hupima mambo matatu akaeleza moja. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha kwamba hila ndogo nne za namna hiyo, zikitumiwa pamoja, huweza kuifanya ile nafasi ya makosa 5 katika 100 ifike karibu 61. Kwa mzaha wenye ukali wakatumia hila hizo hizo "kuthibitisha" kwamba kusikiliza wimbo mmoja wa Beatles humpunguzia mtu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Laiti ingekuwa kweli, maofisa wengi tunaowajua wangestaafu wakiwa wamevaa visikilizio masikioni.

Je, inawezekana kukadiria yale yasiyoonekana? Askari mwenye kujua historia ya kazi yake atamkumbuka Abraham Wald, mwanahesabu aliyekimbilia Marekani kutoka Ulaya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kundi la watakwimu huko Columbia, na mwaka 1943 aliandika namna ya kukadiria udhaifu wa sehemu mbalimbali za ndege za kivita kutokana na matundu ya risasi ya zile zilizorudi. Ndege zilizoanguka hazikuwapo kukaguliwa. Ikiwa zilizorudi zina matundu machache katika injini, haifuati kwamba adui hapigi injini. Yawezekana zilizopigwa injini hazikurudi. Katika tafiti za saikolojia majarida ndiyo uwanja wa ndege, na yaliyorudi ndiyo peke yake tunayoyahesabu.

Kuna mahali pamoja ambapo mtoto wa meza aliwahi kufunguliwa hadharani. Nchini Marekani, kampuni ya dawa ikitaka kibali haina budi kuandikisha majaribio yake kwa idara ya serikali isimamiayo chakula na dawa kabla matokeo hayajajulikana. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walichukua majaribio 74 ya dawa 12 za ugonjwa wa huzuni, yaliyohusu wagonjwa 12,564, wakalinganisha yaliyomo katika majalada ya idara na yaliyochapwa katika majarida. Kwa hukumu ya idara, majaribio 38 yalifaulu, nayo yote yalichapwa isipokuwa moja. Majaribio 36 hayakufaulu au yalikuwa na mashaka. Kati ya hayo 22 hayakuchapwa kabisa, 11 yalichapwa kwa namna iliyomfanya msomaji adhani yamefaulu, na 3 tu ndiyo yaliyoelezwa kama yalivyokuwa. Daktari aliyesoma majarida aliona kwamba majaribio 94 katika 100 yamefaulu. Majalada ya serikali yalisema 51. Ukubwa wa athari za dawa zile ulikuwa umevimba kwa asilimia 32 kwa jumla. Yafaa tuongeze, kwa haki, kwamba hata baada ya kusahihisha, dawa zile bado zilionekana kupita vidonge vya bandia. Hazikuwa uongo. Zilikuwa ndogo kuliko zilivyotangazwa, na mgonjwa aliyekuwa akipima faida na madhara alipewa mizani mbovu.

Saikolojia ya nia haikuwa na majalada ya serikali. Kwa hiyo wataalamu walibuni njia za kuchungulia kwa nje. Mojawapo ni kuchora majaribio yote katika picha moja, makubwa juu na madogo chini. Majaribio makubwa yapaswa kukusanyika karibu na ukweli, na madogo kutawanyika huku na huku kwa usawa, hata picha ikafanana na faneli iliyopinduliwa. Ikiwa upande mmoja wa chini ni mtupu, yaani majaribio madogo yasiyoonyesha kitu hayapo, basi kuna mkono uliopita hapo. Njia nyingine huvuta mstari kutoka majaribio madogo kwenda makubwa, kisha huuliza mstari huo ungefika wapi kama kungekuwa na jaribio kubwa lisilo na kikomo. Evan Carter na Michael McCullough walitumia njia za namna hii kwa yale majaribio 198 ya nia, wakachapa matokeo yao mwaka 2014. Dalili za mchujo zilikuwa wazi, na makadirio yao yaliyosahihishwa yalishuka kiasi kwamba haikuwezekana tena kukataa kuwa athari yenyewe ni sifuri.

Mabishano yakawaka. Ndipo Hagger, yule yule aliyepata 0.62, alipokubali kuongoza jaribio kubwa ambalo utaratibu wake wote uliandikwa na kuwekwa hadharani kabla mtu wa kwanza hajapimwa. Tunamvulia kofia. Si kila kamanda atakayeomba mwenyewe ushindi wake ukaguliwe. Maabara 23 zilishiriki, watu 2,141 wakapimwa, na matokeo yaliyochapwa mwaka 2016 yalikuwa 0.04. Baumeister alipinga, akasema kazi waliyopewa watu wale haikuwa kipimo kizuri cha kujizuia. Pingamizi hilo lilikuwa na uzito. Kwa hiyo Kathleen Vohs, mshiriki wake wa miaka mingi, akaongoza jingine lenye maabara 36 na watu 3,531. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2021, yalikuwa 0.06. Ukiwashindanisha wawili wawili kama tulivyofanya awali, asiyejizuia atashinda mara 52 hivi katika 100, ambapo kutupa shilingi kungempa 50.

Maabara nyingine 12 zilizotumia kazi tofauti ziliona kiasi cha 0.10. Basi hatusemi kwamba hakuna kitu kabisa. Twasema kwamba yule ofisa kijana aliuliza kiasi, na kiasi kilichomo katika ukurasa wetu wa 7 kilikuwa kikubwa karibu mara kumi kuliko majaribio bora yanavyoonyesha.

Msomaji asidhani kuwa nia peke yake ndiyo iliyopatwa. Mwaka 2015 watafiti wapatao 270, wakiongozwa na Brian Nosek, walirudia majaribio 100 yaliyokuwa yamechapwa katika majarida matatu yenye heshima. Katika machapisho ya awali 97 kwa 100 yalikuwa yamefaulu. Yaliporudiwa, yalifaulu 36. Ukubwa wa athari ulishuka, kwa wastani, hadi nusu. Mwaka 2020 Amanda Kvarven na wenzake wa huko Norway na Sweden walilinganisha makusanyo 15 ya tafiti na majaribio makubwa ya maabara nyingi yaliyohusu mambo hayo hayo, wakakuta makusanyo yale yametia chumvi karibu mara tatu. Wakajaribu pia zile njia za kusahihisha kwa kuchungulia, wakaona hazikusaidia vya kutosha. Jambo hili lilitusikitisha, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha zipenda. Faneli huweza kukuonyesha kwamba kitu kimeibwa. Haiwezi kukurudishia kilichoibwa.

Dawa inayoonekana kufaa zaidi imo langoni. Majarida kadhaa sasa hukubali au kukataa makala kwa kusoma swali na utaratibu tu, kabla ya matokeo kuwapo, na yakikubali huahidi kuchapa vyovyote yatakavyotoka. Anne Scheel na wenzake waliyapima mwaka 2021. Katika makala za kawaida za saikolojia, dhana ya kwanza ya mtafiti ilithibitika mara 96 katika 100. Katika makala zilizokubaliwa kabla ya matokeo, ilithibitika mara 44. Watu ni wale wale na taaluma ni ile ile. Kilichobadilika ni mlango.

Kwa kuwa baadhi ya wasomaji wetu ni wakufunzi, tutaje pia habari ya ustahimilivu, ambayo yahusu watu wa kazi yetu moja kwa moja. Mwaka 2007 Angela Duckworth na wenzake walichapa kwamba kipimo chao cha ustahimilivu kilibashiri ni wanafunzi gani wa uofisa wa West Point wangemaliza mafunzo makali ya kiangazi cha kwanza. Hilo halikuporomoka, lilionekana tena mwaka 2019 kwa wanafunzi 11,258. Lakini habari ilienea kwamba wenye kuzidi wastani walikuwa na nafasi ya kumaliza iliyozidi kwa asilimia 99, na watu wakaelewa kana kwamba wengine nusu yao walishindwa. Wachambuzi waliorudia hesabu mwaka 2017, wakiongozwa na Marcus Credé, walieleza kuwa ni kutoka kiasi cha 95 katika 100 hadi kiasi cha 98. Karibu wote humaliza! Athari ni ya kweli, tena imethibitishwa, na bado ni ndogo kuliko msisimko wake. Kamanda atakayewakataa vijana kwa kipimo hicho peke yake atawarudisha nyumbani wengi ambao wangefika mwisho.

Tena tafiti hizi zote zimefanywa zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri. Kama askari wetu wa umri wa miaka 19, aliyekulia shambani na kuchunga ng'ombe tangu utotoni bila kifungua kinywa, hujizuia kama mwanafunzi wa Cleveland mbele ya biskuti, hilo ni swali ambalo figili hazikulijibu.

Sisi wenyewe tumejiwekea desturi. Utafiti wa watu wachache usioandikishwa kabla tunaukata nusu tukiusoma mara ya kwanza, na baada ya hapo tunauliza ni nani aliyeurudia. Pengine tunakosea kwa kukata mno; afadhali hivyo kuliko kuchora matangi. Yule ofisa kijana aliporudi tulimkabidhi karatasi moja yenye tarakimu mbili, 0.62 na 0.06, na miaka yake. Akazitazama, kisha akauliza kama vijitabu vilivyokwisha gawiwa vitakusanywa. Vilikuwa vimekwenda katika kila kambi. Tumechapa kikaratasi cha masahihisho cha kubandikwa juu ya ukurasa wa 7, nacho kimepelekwa kwa barua ya kawaida; mpaka tunaandika haya, ni kambi mbili tu zilizojibu kuwa zimekipokea.